Data za bahari zinapogoma ukiwa Mbeya: dalili, chanzo na tiba

Ukiandika tasnifu kuhusu mvua za Rungwe au mavuno ya mahindi Mbozi, mapema au baadaye utaihitaji bahari. Huku Nyanda za Juu Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, na ni vigumu kueleza kwa nini mwaka huu umenyesha na ule ukakauka bila kugusa joto la uso wa Bahari ya Hindi na la Pasifiki. Data hizo zipo mtandaoni, bure, tena za miaka mingi. Gridi ya ERSST, toleo la 5, ya taasisi ya NOAA ya Marekani inaanzia 1854, HadISST ya idara ya hali ya hewa ya Uingereza inaanzia 1870, na OISST yenye data za kila siku inaanzia Septemba 1981. Hakuna anayekuuliza unasoma chuo gani.

Wanaokwama huanza kwa kuulaumu mtandao. Kuna siku wanakuwa na haki: Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolala chini ya bahari hii hii zilipokatika, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia. Lakini katika matatizo yanayoletwa kwenye chumba cha kompyuta ninachokaa, mtandao una hatia mara chache kuliko watu wanavyodhani. Mengi yamo kwenye ombi ulilotuma au kwenye faili ulilolipokea. Ndiyo maana naanza na faili.

Faili limeshuka ila halifunguki

Usilipakue tena, utamaliza bando bure. Tazama kwanza ukubwa wake. Faili lililotakiwa kuwa na megabaiti 40 likija na kilobaiti 6, hilo si NetCDF, yaani umbo la faili linalobeba data hizi za gridi, hata kama jina lake linaishia na .nc. Lifungue kwa Notepad usome herufi za mwanzo. NetCDF ya kizamani huanza na CDF. Ile ya kisasa, NetCDF-4, huanza na alama moja ya ajabu kisha HDF. Vinavyofuata havisomeki kwa macho ya binadamu, na ndivyo inavyotakiwa. Ukikuta `<!DOCTYPE html>` au `<html`, ujue umepakua ukurasa wa wavuti uliovikwa jina la data.

Ni ukurasa upi? Teremka mistari michache, utaona wenyewe unajitaja. Mara nyingi ni ukurasa wa kuingia: data za NASA zinataka akaunti ya Earthdata, na za Copernicus Marine, huduma ya bahari ya Umoja wa Ulaya, zinataka akaunti yao. Zote mbili ni bure, ila kiungo ulichotumiwa na mwenzako kwenye WhatsApp hakiji na akaunti yake. Pengine ni ukurasa wa kosa la seva, na sababu imeandikwa humo humo. Halafu kuna ukurasa wa waifai ya hosteli unaokutaka uweke namba na nenosiri. Muda wako ukiisha katikati ya kazi, waifai hukurudishia ukurasa huo mahali pa data, na programu yako inauhifadhi kwa utiifu kabisa. Ukiona mafaili kumi ya kwanza ni mazima na yote yaliyofuata yana ukubwa mmoja mdogo unaofanana, usitafute mchawi mwingine.

Herufi za mwanzo zikiwa sahihi na bado faili halifunguki, linganisha ukubwa wake na ule ulioandikwa kwenye seva. Likipungua, lilikatika njiani. Ukubwa ukilingana, basi huenda unalifungulia Excel, nayo haisomi NetCDF. Panoply ya NASA inalisoma, nayo ni bure. Inahitaji tu Java iwe ndani ya mashine.

Kiungo kinaanza na ftp:// na ukibofya hakuna kinachotokea

Chrome na Firefox ziliondoa FTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili, mwaka 2021. Maelekezo mengi ya zamani hayakurekebishwa. Jaribu kubadilisha ftp:// iwe https://, kwa kuwa seva kubwa nyingi zinatoa mafaili yale yale kwa njia zote mbili. Ikikataa, tumia programu ya FileZilla.

Ndugu wa tatizo hili: msimbo wa kaka aliyemaliza chuo mwaka 2022 hauendi kwenye Copernicus Marine. Hautaenda. Mwaka 2024 walifunga njia zao za zamani, ikiwemo ile ya Motu, na sasa unatumia zana yao mpya inayoitwa Copernicus Marine Toolbox. Usipoteze jioni ukitafuta herufi iliyokosewa.

Kivinjari kinasema tovuti si salama

Tazama saa ya kompyuta. Laptopu nyingi zilizotumika zinazouzwa Mwanjelwa zina betri ndogo ya ndani iliyokufa, kwa hiyo umeme ukikatika na chaji ikaisha, tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa mashine inayoamini tuko 2012, cheti cha leo bado hakijazaliwa. Rekebisha tarehe, onyo litaondoka. Betri yenyewe fundi anaibadilisha kwa muda mfupi.

Faili ni kubwa kuliko bando

Hapa ndipo fedha zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chukulia unataka upande wa magharibi wa Dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani tofauti ya joto kati ya magharibi na mashariki ya bahari hiyo, kile kisanduku kilichoelezwa na Saji na wenzake mwaka 1999: longitudo 50 hadi 70 mashariki, latitudo 10 kusini hadi 10 kaskazini. Unataka 1993 hadi 2023. Ukienda OISST, gridi ni robo ya nyuzi, kwa hiyo kisanduku kina vituo 80 kwa 80, yaani 6,400. Siku ni 11,322. Zidisha: thamani zaidi ya milioni 72. Kila moja ikichukua baiti 4, hapo una megabaiti 290 hivi. Sasa omba hizo hizo kwa CSV. Kila thamani inakuja na mstari wake wenye tarehe, latitudo na longitudo, na faili linafika gigabaiti kadhaa. Excel nayo inaishia mistari 1,048,576. Watu wanachagua CSV kwa sababu wanaijua, kisha wanashangaa.

Kabla ya kubofya chochote, jiulize swali lako la utafiti linahitaji nini. Kama unalinganisha na mvua za msimu kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, data za kila siku za robo nyuzi ni anasa. ERSST ina thamani moja kwa mwezi kwenye gridi ya nyuzi 2. Kisanduku kile kile, miaka ile ile: vituo 121, miezi 372, thamani elfu 45. Ni chini ya kilobaiti 200, ndogo kuliko picha ya simu. Kwa swali la msimu, mimi ningeanzia hapo, na ningeenda OISST pale tu ambapo ningeweza kusema kwa sentensi moja kwa nini naihitaji.

Kama kweli unahitaji ya kila siku, tafuta data hiyo kwenye seva ya ERDDAP, maana ERDDAP inakukatia kipande badala ya kukupa mkate mzima. Ombi lake linaandikwa ndani ya anwani yenyewe, kwa umbo hili:

`sst[(1993-01-01):1:(1993-12-31)][(0.0)][(-10):4:(10)][(50):4:(70)]`

Mabano ya kwanza ni muda, ya pili ni kina, ya tatu latitudo, ya nne longitudo. Namba ya katikati ni hatua: 4 maana yake chukua kituo kimoja, ruka vitatu. Kwenye gridi ya robo nyuzi hiyo inakupa nyuzi 1, na ile milioni 72 inashuka hadi milioni 4.5. Angalizo: hatua inaruka, haifanyi wastani. Kwa kisanduku kikubwa kama hiki madhara ni madogo, ila kwa mkondo mwembamba wa maji baridi karibu na pwani unaweza kuuruka wote.

Ona pia kwamba nimeomba mwaka mmoja. Faili ambalo tayari limelala kwenye seva linaweza kuendelezwa pale lilipokatikia kwa `wget -c`. Faili linalotengenezwa papo hapo kwa ajili yako kwa kawaida haliendelezwi. Likikatika, unaanza upya. Kwa hiyo omba mwaka mwaka. Radi ya Tukuyu ikikata umeme, umepoteza mwaka mmoja wa data badala ya thelathini na moja.

Ombi linarudi tupu

ERDDAP itakwambia kwamba ombi lako halikupata tokeo lolote, Python itakupa safu yenye urefu wa sifuri, na wewe utafikiri data hazipo. Angalia haya kwa mpangilio huu.

Latitudo inapangwaje? Baadhi ya gridi zinaanza kusini kwenda kaskazini. HadISST inaanza 89.5 kaskazini na kushuka. Ukiiomba kutoka -10 kwenda 10, inaweza kukupa tupu. Geuza: 10 kwenda -10.

Longitudo inahesabiwaje? Zipo gridi za 0 hadi 360 na zipo za -180 hadi 180. Sisi tunaofanya kazi na Bahari ya Hindi hatuumii, kwa kuwa 50 hadi 70 ni ile ile kwenye mifumo yote miwili, na hiyo inatulevya. Siku unapoongeza El Niño kwenye tasnifu, eneo la Niño 3.4 ni longitudo 170 hadi 120 magharibi. Kwenye gridi moja utaandika -170 hadi -120, kwenye nyingine 190 hadi 240.

Na je, umeomba bahari? Wapo wanaoweka latitudo -8.9 na longitudo 33.45, ambazo ni za Mbeya mjini, wakitarajia joto la bahari "linalohusu Mbeya". Watapata NaN, yaani "si namba", maana pale ni nchi kavu, mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kituo cha mvua kinakaa Mbeya; kisanduku cha bahari kinakaa baharini. Kadhalika Ziwa Nyasa: kina chake kinafika kama mita 700 na mawimbi ya Matema yanaweza kukudanganya, lakini vielea vya Argo, vile vifaa vinavyopima bahari, havimo ziwani humo. Wa Kyela anayetafuta joto la ziwa atafute data za maziwa.

Namba zimekuja, ila si za dunia hii

Wastani wa joto la uso wa kisanduku kile cha magharibi unatakiwa kuwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Kariri hilo, litakuokoa mara nyingi.

Ukiona 2731, umesoma namba mbichi. OISST huhifadhi joto kama namba nzima na kukuachia kizidishio, `scale_factor`, ambacho ni 0.01. Kwa hiyo hiyo ni nyuzi 27.31. Maktaba ya xarray ya Python inazidisha yenyewe; msimbo uliouandika kwa mkono hauzidishi mpaka uuambie.

Ukiona 300.4, hizo ni Kelvini. Toa 273.15.

Ukiona wastani wa -412 au namba yenye tarakimu 37, alama ya data iliyokosekana imehesabiwa kama joto. Kila nyumba ina alama yake: OISST ina -999, Argo ina 99999, rekodi za usawa wa bahari za PSMSL zina -99999, na NetCDF isiyoambiwa kitu hutumia 9.96921e+36. Usikisie, soma vichwa vya faili kwa `ncdump -h` na utafute `_FillValue`. Hatari kubwa haiko kwenye wastani wa -412, kwa sababu huo unajitangaza. Iko kwenye wastani wa 24.8 uliochafuliwa na alama mbili tatu tu za -999 kati ya maelfu ya thamani. Chora grafu kabla ya kuhesabu chochote. Alama hizo zitaning'inia chini kama misumari.

CSV ya ERDDAP ina mstari wa pili wenye vizio badala ya data, na Excel ikiuona huo inaweza kuichukulia safu nzima kuwa maandishi. Chagua .csvp, ambayo inaweka vizio kwenye kichwa cha safu, au futa mstari huo. Na kwa wanaotumia HadISST: Excel haitambui tarehe za kabla ya 1900, kwa hiyo miaka 30 ya kwanza itabaki maandishi.

Saa ni jambo dogo kwa data za mwezi na kubwa kwa data za saa. Karibu hifadhi zote hutumia saa ya dunia (UTC), iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. 00:00 yao ni saa tisa usiku Mbeya. Ukichukua rekodi ya maji kujaa na kupwa ya kituo cha Zanzibar ukasahau hilo, saa ambayo bahari imejaa kabisa jedwali lako litaionyesha ikiwa nusu.

Argo: faili moja, thamani mbili tofauti

Vielea vya Argo, takriban 4,000 duniani, huzama hadi mita 2,000 na kupanda kila siku kumi vikipima joto na chumvi. Ukifungua faili la kielea utakuta TEMP na TEMP_ADJUSTED, PSAL na PSAL_ADJUSTED, na hazilingani. Ya kwanza ni kama ilivyotoka kwenye kifaa. Ya pili imerekebishwa. Jina la faili likianza na R, data bado ni za haraka; likianza na D, mtaalamu amezipitia. Kwa tasnifu, chukua zilizorekebishwa, za D, zenye alama ya ubora 1, na useme hivyo kwenye sura ya mbinu. Alama 4 ni mbovu, iache. Kina kimeandikwa kwa desibari za shinikizo. 2,000 ni pungufu kidogo ya mita 2,000, na kwa juu juu tofauti haionekani.

Majibu yako na ya mwenzako hayafanani

Mlisema nyote mmetumia OISST. Yupi ametumia toleo la 2.1? Yupi alipakua lini? Siku za mwisho za OISST hutolewa kwanza kama za muda, kisha baada ya wiki mbili hivi hubadilishwa na za mwisho. Data hizi zinapumua. Hapo ndipo marejeo yanapoacha kuwa mapambo ya kurasa za nyuma.

Msimamizi amerudisha: "Chanzo: NOAA, intaneti" hakikubaliki

Yuko sahihi. NOAA ni taasisi yenye hifadhi nyingi. "NOAA" peke yake haimwambii msomaji kama ni ERSST au OISST. Rejeo la data linahitaji waandaaji, mwaka, jina la data, toleo, mchapishaji, DOI (namba ya kudumu ya kuitambua data mtandaoni) na tarehe uliyopakua. Mfano wa ERSST:

Huang, B. na wenzake (2017). NOAA Extended Reconstructed Sea Surface Temperature (ERSST), Version 5. NOAA National Centers for Environmental Information. https://doi.org/10.7289/V5T72FNM. Ilipakuliwa tarehe fulani.

Jina la data liache kwa lugha yake, usilitafsiri, hata kama tasnifu ni ya Kiswahili. Msomaji atalitafuta kwa jina hilo. Halafu ongeza kwenye sura ya mbinu kisanduku, kipindi na hatua uliyotumia, au bandika ombi zima la ERDDAP kwenye kiambatisho. Ni mstari mmoja, na unamruhusu mtu wa Iringa kupata kipande kile kile ulichotumia wewe.

Wengi hurejelea makala inayoelezea data na kuishia hapo. Makala inaeleza ilivyotengenezwa; DOI ya data inaonyesha ulichotumia. Weka zote mbili.

Argo ina DOI moja ya jumla, 10.17882/42182, na kila nakala ya mwezi ina namba yake inayofuata baada ya alama ya #. Ukitumia nakala ya mwezi, nakili DOI pamoja na mkia huo, la sivyo umerejelea hifadhi nzima inayobadilika kila siku. Hifadhi ya Zenodo nayo ina DOI ya matoleo yote na DOI ya toleo moja. Unayoitaka ni ya toleo. Copernicus Marine wanataka sentensi yao ya shukrani pamoja na DOI ya bidhaa. PSMSL ya Liverpool huomba utaje tarehe ya kupakua pamoja na makala ya Holgate na wenzake ya 2013. Uwazi wa leseni ya CC BY una sharti hilo kuu: mtaje aliyetengeneza.

Ukurasa unasema "DOI Not Found"

Mara nyingi ni nukta. Umenakili DOI mwisho wa sentensi na nukta imekuja nayo, au PDF imeikata mistari miwili na kuacha nafasi katikati. Futa, jaribu tena baada ya https://doi.org/. Ikikataa bado, na rejeo ulipewa na programu ya akili unde, fikiria kwamba halijawahi kuwepo. Programu hizo hutunga DOI zenye sura nzuri kabisa. Kila DOI kwenye orodha yako ifunguke mbele ya macho yako kabla ya kwenda steshenari kuchapa.

Umejaribu yote na bado

Waandikie wenye hifadhi. Wengi wana anwani ya msaada chini ya ukurasa. Kwa Kiingereza kifupi taja jina la data na toleo, ombi ulilotuma, saa kwa saa ya dunia, na maneno ya kosa yalivyoandikwa. Ombi libandike kama maandishi. Picha ya skrini uliyopiga kwa simu hawawezi kuinakili, na wataanza kwa kukuomba utume upya.